Mama Kichupa na Amiba za Fundi

Kama kulikuwa na mtu aliyezijua siri za mji ule kuliko makarani wa mahakama, basi ni Mama Kichupa. Siri zenyewe hazikuwa za mapenzi wala za mirathi. Zilikuwa siri za tumbo. Kwa miaka ishirini na saba alikaa nyuma ya dirisha dogo la maabara ya hospitali, akiwapa watu vichupa vya plastiki vyenye mfuniko mwekundu, na akimwambia kila mmoja maneno yale yale kwa sauti ya chini ili wa nyuma kwenye foleni wasisikie: "Kiasi cha punje ya harage kinatosha. Usijaze. Na uniletee kingali na joto."

Walipita pale wakubwa kwa wadogo. Mwalimu mkuu alipita, mkuu wa polisi alipita, mwimbaji wa arusi naye alipita akiwa amejitanda hadi machoni. Ukikutana na Mama Kichupa barabarani ulimwamkia kwa heshima kisha ukaangalia pembeni, maana ulijua kwamba anajua. Lakini yeye alikuwa na namna ya kumtazama mtu usoni na kumuuliza habari za nyumbani kana kwamba hajawahi kumfahamu kwa njia nyingine yoyote. Ndiyo maana walimpenda. Jina alilopewa na wazazi wake liliandikwa kwenye kitambulisho alichovaa kifuani, ila hakuna aliyelitumia, hata mganga mkuu.

Maabara yake ilikuwa chumba kirefu, chembamba, chenye rangi ya mafuta hadi usawa wa kiuno na chokaa kutoka hapo kwenda juu. Palikuwa na sinki mbili, moja ikivuja. Friji ilifungwa kwa mpira wa tairi kwa sababu mlango wake ulikataa kukaa. Dirishani, penye mwanga mzuri wa asubuhi, palikuwa na hadubini. Wenzake walikuwa wakikitazama kioo kimoja chenye sampuli kwa dakika moja na kuandika jibu. Mama Kichupa alikitazama kwa dakika tano, akikisogeza polepole kama mtu anayechambua mchele. Alisifika kwa kuziona amiba zikiwa hai, zinatembea. Alipenda kuwaeleza wanafunzi waliokuja kujifunza kazi: "Amiba hutembea kama mtu anayetafuta miwani yake gizani. Hutoa mkono mmoja kwanza, husita, kisha mwili mzima unafuata."

Hata mume alimpata kwa njia hiyo. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mrefu, mwenye maneno mengi na vidole vyepesi. Alipokuwa kijana alifika dirishani na tumbo linalomsokota, akapewa kichupa, akakirudisha. Mama Kichupa, ambaye wakati ule alikuwa na miezi minne tu kazini, akachungulia na kumwambia, "Una amiba." Fundi akameza vidonge vile vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni, akapona, akarudi kupima tena. Alirudi mara nyingi kuliko tumbo lilivyohitaji. Mwaka haukuisha wakaoana.

Tangu hapo Fundi alizishika amiba zake kama mtu anavyoshika cheo. Akivimbiwa, ni amiba. Akiumwa na kichwa, amiba zimepanda. Akiombwa abebe gunia la mkaa kutoka barabarani, "Mke wangu, ningebeba, ila leo amiba zangu zimeamka vibaya." Mteja akija kudai suruali ambayo haijakatwa hata mguu mmoja, Fundi hushika tumbo na kukunja uso, na mteja huondoka akimpa pole. Mama yake Fundi, aliyekuwa akiishi nao katika vyumba vitatu vya nyuma ya duka la ushonaji, humsikiliza mwanawe huku akitikisa kichwa.

"Huyu," alizoea kusema, "nilimzaa mmoja, lakini nakula naye na amiba zake. Ndiyo maana chakula hakitoshi."

Mama Kichupa hucheka tu. Alikwisha kumpima mumewe mara nyingi zaidi, akakuta kitu cha maana kwa nadra, na akaacha kubishana. Mtu na kipenzi chake.

Basi mwaka huo, mvua zilipokwisha, wakafika watu wa utafiti. Walikuwa watatu, wakiongozwa na daktari mmoja wa kike, mwembamba, mwenye viatu vya raba na daftari lililojaa karatasi za rangi. Umri wake ulilingana na wa binti yake Mama Kichupa aliyeolewa mbali. Walikuja na friji yao wenyewe, ambayo mlango wake ulifunga vizuri, na masanduku ya sahani za plastiki. Kila sahani ilikuwa na vishimo vidogo tisini na sita, vimepangwa safu kwa safu.

"Shikamoo, Mama," alisema Daktari. "Nimeambiwa nisiguse kitu humu kabla sijakuona wewe."

"Marahaba, mwanangu. Umeambiwa vizuri. Mnatafuta nini?"

"Amiba."

Mama Kichupa akaivuta hadubini karibu, kama mtu anayemsogezea mgeni kiti. "Basi mmefika nyumbani."

Daktari akatabasamu, kisha akaona haya kidogo. Alieleza kwamba wao hawatatazama choo. Watachukua damu, kwenye nyumba zitakazochaguliwa kwa kura, watu mia nane na arobaini wa mitaa yote, wazima kwa wagonjwa. Kwenye damu hiyo watatafuta kingamwili.

"Kwa nini msitazame tu kwa macho?" aliuliza Mama Kichupa. "Mimi nitawatazamia."

Daktari akavuta kiti, akakaa ili wasiongee mmoja amesimama. "Mama, wewe unajua kuliko mimi kwamba ziko amiba mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Moja inatoboa utumbo, inaleta damu. Nyingine inakaa tu, inakula inachokikuta, haimdhuru mtu. Chini ya hadubini hazitofautiani."

"Isipokuwa ukiikuta imemeza chembe nyekundu za damu," alisema Mama Kichupa upesi. "Hiyo ni ile mbaya."

"Hiyo ni ile mbaya, kweli. Umezikuta ngapi za hivyo?"

Mama Kichupa aliweza kuzihesabu. Katika maelfu ya vioo, labda sitini, labda sabini.

"Mwili ndio unaozitofautisha," aliendelea Daktari kwa upole. "Ile mbaya ikitoboa ukuta, mwili unatengeneza kingamwili za kupambana nayo, na zinabaki kwenye damu miezi, hata miaka, baada ya mtu kupona. Ile isiyo na madhara mwili hauishughulikii. Kwa hiyo kipimo chetu hakisemi nani anaumwa leo. Kinasema nani amewahi kukutana na ile mbaya. Tukiwapima watu wengi, tutajua iko mtaa gani na inapitia wapi."

Si kwamba Mama Kichupa hakuwahi kusikia habari ya hizo pacha. Aliwahi kuisoma kwenye kijitabu cha semina, akaiweka mahali ambapo mtu huweka mambo yasiyopendeza. Sasa ilikuwa imekaa mbele yake na viatu vya raba. Siku hiyo alitazama vioo vyake kama kawaida, lakini kila alipofika kuandika "amiba imeonekana", kalamu ilisita. Aliwafikiria wale wote aliowaandikia hivyo, waliokwenda nyumbani kumeza vidonge vichungu kwa siku saba, na ambao pengine walikuwa wamebeba mpangaji asiye na shida na mtu. Hakumwambia yeyote. Nyumbani alikula kidogo, na mama mkwe alipomuuliza, alisema ni uchovu.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kununa na kazi. Kesho yake alimwambia Daktari, "Nyinyi hamuwajui watu hawa. Mkigonga mlango na sindano mkononi, mtakuta nyumba ina paka tu. Twende wote."

Wakaenda wote, wiki tano, mlango kwa mlango. Daktari anaeleza, anaomba ridhaa, anaandika namba badala ya jina, na Mama Kichupa anachoma. Alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Aliwaambia watu watazame juu ya bega lake na wamtajie vitu vitatu wanavyoviona, na kabla hawajafika cha tatu damu imeshajaa kwenye kichupa. Mchomeleaji vyuma mmoja, pande la mtu lenye makovu ya moto mikononi, alikataa katakata kwa kuogopa sindano. Mama Kichupa hakumbembeleza. Alikaa kwenye benchi lake, akamuuliza juu ya geti alilokuwa akilitengeneza, akalisifia, akainuka kwenda zake. Hawajafika kona, jamaa akawafuata huku amekunja mkono wa shati. "Fanya haraka kabla sijabadili mawazo," alisema, akafumba macho.

Wengi walimtania. "Mama Kichupa, leo umepanda cheo, umetoka chini umehamia kwenye mkono." Naye alijibu, "Nimestaafu huko, mwanangu. Huko mmenichosha."

Kura iliiangukia pia nyumba yake mwenyewe. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alisema damu yake ni ya zamani lakini ni nzima. Fundi, aliyekuwa ameketi nyuma ya cherehani, hakuinuka.

"Mimi nipimwe nini?" alisema. "Mimi ninazo. Mke wangu aliziona kwa macho yake kabla hajajua hata jina langu. Kawapimeni wasiojijua."

"Baba, ni hiari," alisema Daktari. "Ukikataa hakuna ubaya."

"Sikatai. Nawapunguzia kazi."

Mama Kichupa aliandika "amekataa" kwenye fomu, akapita. Kusema kweli alifarijika. Kwa namna fulani hakutaka kujua damu ya mumewe ingesema nini juu ya kile kioo cha kwanza.

Kazi ya nje ikaisha, wakaingia maabara. Alijifunza haraka: kutia tone la maji ya damu kwenye kila kishimo, kusubiri, kuosha, kutia dawa, kusubiri tena, kuosha tena, hadi ile dawa ya mwisho inapobadilika rangi. Kishimo kisicho na kingamwili kilibaki cheupe kama maji. Chenye nazo kiligeuka njano, hafifu au kali kulingana na wingi wake. Kila sahani ilikuwa na vishimo vya mfano pembeni, kimoja kinachojulikana hakina kitu na kimoja kinachojulikana kinazo, vya kulinganishia. Alikipenda kipindi kile cha kusubiri rangi. Daktari alimchemshia chai kwenye jagi la umeme, wakakaa wanatazama sahani kama watu wanaosubiri vifaranga.

Ni katika wiki hizo Fundi alipoanza kubadilika. Kwanza aliacha chakula nusu sahani. Kisha mishono ikaanza kwenda upande. Mteja mmoja alirudisha koti ambalo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko wa pili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ilipofika alasiri mwili ulimpanda joto, akajifunika shati la mteja, akatoka jasho hadi kola ikalowa. Alikuwa akishona kwa mkono mmoja, mwingine ameubana ubavuni.

"Ni amiba?" Mama Kichupa alimtania, akimpa maji.

"Hapana," alisema Fundi. "Nimechoka tu."

Hapo ndipo mwanamke yule alipoogopa. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia mumewe akiumwa bila kuzitaja.

Alimpeleka hospitali siku ile ile. Tabibu wa zamu akampima malaria, akakuta hana. Akasikiliza kifua, na kwa kuwa Fundi alikuwa anakohoa kidogo na bega linamuuma, akampa dawa ya kifua. Siku tano zikapita, joto likabaki pale pale. Mama Kichupa akampa kichupa chenye mfuniko mwekundu, na asubuhi akakaa na kioo chake si dakika tano bali nusu saa. Akatengeneza kioo cha pili, na cha tatu. Hakukuwa na kitu. Safi. Akashusha pumzi, akarudi nyumbani na habari njema, na kwa siku mbili nzima akaamini macho yake.

Mama mkwe hakuamini. Alikuwa amekaa kitandani kwa mwanawe akimpepea kwa gazeti. "Tumemcheka sana huyu," alisema bila kumtazama mkwewe. "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha."

Kesho yake, wakiwa wanaosha sahani, Daktari alimuuliza, "Mama, mbona leo hunichekeshi?"

"Mume wangu haamki vizuri. Wiki ya pili hii. Joto, jasho, hali chakula. Nimempima choo mwenyewe, vioo vitatu, hakuna kitu."

"Anaumwa wapi?"

"Ubavu. Na bega."

"Ubavu gani?"

"Wa kulia."

Daktari aliiweka sahani chini. "Na bega?"

"La kulia pia." Mama Kichupa akamtazama, na kabla binti yule hajafungua mdomo, jambo lenyewe likampata kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alilijua. Alilisoma akiwa chuoni, akalifanyia mtihani. Ile amiba mbaya wakati mwingine hutoboa utumbo, ikaingia kwenye damu, ikapanda hadi kwenye ini na kutunga jipu huko. Na ikishahamia huko, chooni mara nyingi haiachi hata alama. Unaweza kutazama vioo mia. Maumivu ya ini hupanda hadi bega, na mtu akatibiwa kifua.

"Mlete," alisema Daktari. "Mlete sasa hivi."

Fundi alikuja akiegemea bega la mkewe, suruali imemlegea hadi ameifunga kwa kitambaa cha upindo. Safari hii alinyoosha mkono mwenyewe. Mama Kichupa akafunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa mshipa, akachoma, akaukosa. Mkono uliokuwa umechoma watu mia nane na kitu bila kosa ukaukosa mshipa wa mume.

Akatoa sindano, akasimama nayo hewani.

"Uzi ukikataa kuingia kwenye tundu la sindano," alisema Fundi kwa sauti iliyopungua, "fundi hulowesha uzi, anajaribu tena. Hatupi cherehani."

Mara ya pili ukapatikana.

Kulisubiri jibu la sahani ile kulichukua saa tatu nzima. Hakukuwa na chai. Walikuwa wametia damu ya Fundi kwenye vishimo viwili, katikati ya vile vya mfano, na walipotia dawa ya mwisho Mama Kichupa hakukaa. Alisimama akiinamia meza, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Rangi ilianza kabla ya muda wake. Vishimo viwili vile vikawa njano, vikawa njano zaidi, vikakipita hata kishimo cha mfano.

"Sikiliza, Mama," alisema Daktari. "Peke yake hii haitoshi. Angekuwa mzima, ningesema aliwahi kukutana nayo zamani, basi. Lakini kwa joto hili, na ubavu huu, twende tukalitazame ini."

Kwenye chumba cha ultrasaundi, mtaalamu alimpaka Fundi mafuta ya baridi tumboni, akasogeza kile kifaa chini ya mbavu za kulia, na pale kwenye kioo cha mashine, katikati ya ini la kijivu, palikuwa na doa jeusi la mviringo, kubwa kama chungwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Fundi mwenyewe alilitazama kwa muda.

"Ndizo hizo?" aliuliza.

"Ndizo," alisema mkewe.

Akafumba macho. "Nilisema."

Alilazwa. Dawa ilitundikwa mshipani, ile ile jamii ya vile vidonge vyenye ladha ya chuma, lakini kwa nguvu nyingine kabisa. Siku ya kwanza hakukuwa na mabadiliko, ya pili joto likashuka na kupanda, na siku ya nne asubuhi Mama Kichupa alipoweka kiganja kwenye paji la uso wake alikuta ni la baridi, la kawaida, la mtu. Mama mkwe, aliyekuwa amebeba chupa ya supu, akakaa chini sakafuni palepale wodini na kuanza kulia. Nesi alipokuja kumwambia aketi kwenye kiti, alimjibu kwamba yuko sawa alipo, amekuja kulia tu, atainuka akimaliza.

Jioni Fundi alikuwa ameegemea mito miwili na maneno yameanza kumrudia. Mkewe alimmenyea chungwa, kisha akakumbuka lile doa, akaliweka pembeni na kummenyea ndizi.

"Nina jambo la kukuambia," alisema.

"Kama ni koti la yule mteja, najua mkono mmoja ulizidi."

"Si koti. Ni juu ya siku ile ya kwanza. Kile kioo chako." Akamweleza yote, ya amiba mbili pacha, ya macho yasiyoweza kuzitofautisha, ya vidonge ambavyo watu walimeza. "Nilikuambia una amiba, na ukazibeba maisha yako yote. Huenda ilikuwa ile isiyo na madhara. Huenda hukuwa unaumwa nayo kabisa, ulikula tu kitu kibaya. Sijui. Na hakuna kipimo cha kuniambia leo. Kisha ulipougua kweli, nilikutania."

Fundi alitafuna ndizi yake akifikiri.

"Kwa hiyo vile vidonge vya uchungu nilimeza bure."

"Huenda."

"Na yule asiye na madhara ndiye aliyenirudisha dirishani kwako mara tatu."

"Ulirudi mara tano."

"Zile mbili za mwisho sikuwa naumwa. Nilikuletea kichupa kitupu."

"Nakumbuka," alisema Mama Kichupa. "Niliandika 'sampuli haitoshi, arudi kesho'."

Fundi akaanza kucheka, na kicheko kikamuuma kwenye ini, akashika ubavu, akaendelea kucheka huku akiguna. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kuna nini. Hawakumwambia.

Utafiti ulimalizika baada ya miezi miwili. Daktari aliwaita watu kwenye ukumbi wa shule, akawaeleza bila kumtaja mtu: kati ya watu mia nane na thelathini na tisa waliotoa damu, mia moja na kumi na nane walikuwa na kingamwili. Katika mitaa ya juu walipatikana wachache wachache. Karibu nusu yao wote walitoka mtaa mmoja tu wa bondeni, ule wa Fundi, kati ya mashine ya kusaga na daraja. Majibu ya kila mtu aliyepimwa alipewa yeye mwenyewe, faraghani. Mama mkwe alipopewa lake, kwamba naye aliwahi kukutana na ile mbaya na ikamshindwa bila yeye kujua, aliivunja faragha hiyo mwenyewe kabla hajafika nyumbani. Alimsimulia kila aliyekutana naye njiani, na muuza kuni alisimuliwa mara mbili.

Pale ukumbini, Mama Kichupa aliomba kusema. Hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu. Alizoea kusema kwa mmoja mmoja kupitia dirisha. Alisimama ameshika mkoba wake mbele kwa mikono miwili.

"Wengi wenu niliwaambia mna amiba," alisema. "Nilichoona nilikiona, sikuwadanganya. Lakini macho yangu hayawezi kujua kama ni ile mbaya au pacha wake, na niliandika kama mtu anayejua. Kuanzia sasa nitaandika nilichoona tu, na daktari ataamua kama unahitaji dawa. Mniwie radhi."

Mwalimu mkuu, mtu mzito ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akitania, aliinuka taratibu. "Mama," alisema, "mimi ulinipa vile vidonge mara mbili. Lakini miaka yote hii hujawahi kunitazama vibaya hata siku moja sokoni. Hilo mimi naliona ni kubwa kuliko vidonge." Akakaa. Watu wakapiga makofi, kwanza wachache, kisha wote. Mama Kichupa akatafuta leso kwenye mkoba, akaikosa, akatumia ukingo wa mtandio.

Daktari akasafiri na friji yake, akamwachia masanduku mawili ya sahani na namba ya simu, na tangu hapo wakawa wanapigiana kila mwisho wa juma, mara kwa ajili ya kazi, mara bila sababu. Fundi alirudi kwenye cherehani akiwa mwembamba kiasi kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kupunguza suruali zake zote nne. Tumbo likimsokota sasa husema ni gesi. Lakini mtu yeyote akianza kusimulia ugonjwa wake dukani, yeye humsikiliza hadi mwisho, kisha huinua shati na kuonyesha sehemu chini ya mbavu ambapo hakuna kovu wala alama yoyote.

Kwa majibu yale ya utafiti, watu wa maji walikuja kuchimba mtaa wa bondeni. Walikuta bomba kuu limepita ndani ya mfereji wa maji machafu kwa hatua kama arobaini, limeliwa na kutu, na katika maungio mawili unaweza kupitisha kidole. Maji yalifungwa siku kumi na moja. Watu walibeba ndoo kutoka mtaa wa juu na kulalamika, na kwa kuwa walimjua aliyesababisha, walimlalamikia Mama Kichupa mwenyewe, naye aliwapa pole na kuwasaidia kushika mpini wa ndoo hadi mlangoni. Siku ya kumi na mbili maji yalirudi, ya kahawia kwanza, kisha safi. Majirani walitoka na vikombe kuyaonja. Mama mkwe alijaza sufuria yake na kuiweka jikoni ichemke, akasema yeye hawezi kuliamini bomba ambalo amelizidi umri.